Mguu wa Mama wa Kilolo

Miaka ile ya hamsini nilitoka kwetu Mbeya nikaenda Iringa, nikapata kazi ya useremala katika hospitali moja ya misheni. Nilitengeneza vitanda, viti na majeneza. Siku moja daktari akaniletea mama wa Kilolo, aliyekatwa mguu chini ya goti kwa donda ndugu, akaniomba nimchongee mwingine.

Muuguzi alinidokeza kwamba mama yule akiwa wodini, mumewe alifariki. Ndugu walimficha habari hiyo mpaka kidonda kilipopona. Mwenyewe hakuigusia.

Nilichonga mti mwepesi, nikifuatisha umbo la mguu wake uliobaki. Mti wa namna hiyo hupasuka upesi, kwa hiyo niliuvisha kitambaa cha marekani kilicholowa gundi ya ngozi, tabaka juu ya tabaka. Ilikuwa majira ya baridi. Gundi iliganda upesi, hewa ikabaki ndani. Mama alipokuja aliupapasa huku amefumba macho.

"Mwanangu, hapa pana uvimbe. Na hapa."

"Nguo itaficha, mama."

"Itawaficha watu. Mimi nitajua."

Nikabandua yote. Safari hii niliupasha mti moto kando ya jiko la mkaa, nikaitandaza marekani polepole, nikiisukuma hewa kwa kidole gumba kutoka katikati kwenda pembeni. Ilipokauka nikapaka unga wa chaki uliochanganywa na gundi, nikapiga msasa, nikapaka tena, nikapiga tena, hadi kiganja kikawa kinateleza.

Mama alikuwa akija na magongo yake, anakaa mlangoni penye jua, anatazama. Asubuhi moja akasema, "Sikumzika mume wangu. Nataka nikasimame pale kwa miguu miwili, kama alivyoniacha."

Niliendelea na msasa.

Nilipaka vanishi, na ilipokauka mama akauvaa mguu, nikamsindikiza kwao kwa lori la mbao. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, majani yameshaota juu yake. Akanipa magongo niyashike. Aliyumba; shemeji yake akanyoosha mkono, mama akaukataa.

"Kamwene," alisalimu kwa Kihehe, kama mtu anayeingia nyumbani kwake, kisha akangoja aitikiwe.

Ndipo akalia kwa sauti. Wanawake wakatoka jikoni wakamzunguka, kilio kikaanza upya kana kwamba mzee amekufa siku ile. Nikaombwa nikae, nikakaa hadi kesho yake, nikahesabiwa miongoni mwa wafiwa.