Tangazo la Nne

Magdaline aliwachukia matapeli wa dawa kuliko alivyowachukia panya wa ghalani. Sokoni Gatitu, anakouza viazi, alikuwa amemfukuza muuza mafuta ya chatu, kisha yule wa chai ya kuyeyusha uvimbe, kisha wa maji ya sumaku. Lakini wezi hao hawakomi. Ukimtimua mmoja, mwingine anakuja na shati safi zaidi.

Wa mwaka huu alikuja na kompyuta, na akapitia kanisani. Magdaline ndiye msoma matangazo, mwaka wa kumi na tano sasa, na desturi ni kwamba tangazo husomwa lilivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza. Jumapili ile alipewa karatasi akiwa tayari amesimama mbele. La kwanza harusi, la pili kwaya, la tatu kamati ya paa. La nne: daktari kutoka Kagio atapima mwili mzima bure, ukumbini. Alipotambua anasoma nini, maneno yalikuwa yameshatoka.

Mumewe Wamae, mgonjwa wa sukari wa miaka mingi, alishikishwa fimbo ya chuma, kompyuta ikalia, akaambiwa sukari imeisha. Akarudi nyumbani na unga wa mizizi aliouziwa, sindano zake za sukari akazificha chini ya godoro. Magdaline alizikuta baada ya wiki sita, kidole cha mguu kikiwa kimeanza kunuka. Alimtukana mpaka majirani wakasikia.

"Lakini Mama Mugo," Wamae alimwambia mkewe, "si ni wewe ulisoma?"

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Magdaline alienda kutafuta gari. Hospitalini mguu ulikatwa chini ya goti.

Baada ya miezi mitatu, yule mshenzi alirudi kwenye karatasi ya matangazo. Safari hii Magdaline alivunja desturi. Aliichana karatasi mbele ya waumini, akasema huyo ni mwongo na mwizi, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango. Mchungaji akakohoa. Magdaline alirudi kitini, na kwa mara ya kwanza tangu hospitalini akahisi moyo mwepesi.

Ibada ilipokwisha alizunguka hadi ukumbini kuhakikisha tapeli ameondoka. Foleni ilikuwa imefika kwenye matangi ya maji. Wamae alikuwa wa tano, ameegemea magongo.

"Hii mguu ingine imeanza kufa ganzi," alisema bila kumtazama. "Wacha nipimwe tu."