Sabuni Kwenye Kifuniko cha Tangi

Mama mwenye ploti tunayopanga hapa Kabiro, Kawangware, alikuwa na safari ya kwenda Limuru na wazee wake, kumposea kijana wake. Tatizo lilikuwa gari lake. Lilianza kunuka petroli, kisha likaanza kuzimika njiani.

"Nikizimikia kwa geti ya wakwe," aliniambia siku moja kabla ya safari, "watasema hii ni familia haifikangi mahali."

Mimi si fundi. Magari nimejifunza kwa vitabu vya mitumba na kwa kulala chini ya magari ya walioniruhusu. Kwa hiyo tulilipeleka kwa rafiki yangu, fundi mwenye kibanda Kibera, upande wa Ayany. Tulizimika mara mbili kabla ya kufika. Kila mara mama alishuka, akafungua kifuniko cha tangi, tangi likavuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka majini, na gari likawaka. Yeye aliona hiyo ni tabia ya gari. Mimi niliona ni dalili.

Fundi alinusa tu.

"Tangi inavuja, omera, ndugu yangu. Tuitoe, tuchome weldi."

"Uchome tangi la petroli? Halafu nani atatuzika?"

"Basi pima wewe, profesa."

Nilipima. Nilitandaza katoni chini ya tangi, nikapitisha kitambaa kikavu kwenye kila kiungo cha bomba, nikasubiri. Mama alitembea huku na huku akiangalia saa. Katoni ilibaki kavu, kitambaa pia. Tangi lilikuwa zima.

Kilichobaki ni kifuniko. Ndani yake mna vali ndogo: mafuta yakipungua, inaruhusu hewa iingie, lakini haiachi mvuke utoke. Nilikifuta, nikakiweka mdomoni upande wa ndani, nikavuta. Hewa haikupita. Nikavuta kwa nguvu zote, na kitu laini kikaniteleza ulimini. Ladha yake naijua tangu utotoni: sabuni ya mche.

Nilitema huku fundi akishikilia mlango wa gari kwa kicheko.

"Mathe, ulikuwa unaosha tangi?"

Mama alitazama barabarani.

"Si ilikuwa inanuka? Na tangi ikitoboka si nyinyi mafundi huziba na sabuni?"

Alisema kweli; kila fundi ninayemjua huziba hivyo. Ila yeye alikuwa ameziba pua ya tangi: hewa ikakosa pa kuingia, petroli ikashindwa kutoka, gari likazimika. Harufu ilitokana na vumbi lililoizuia vali isifunge. Tuliisugua kwa mswaki na maji ya moto, tukaikausha. Nilipovuta, hewa ilipita. Nilipopuliza, vali ilinikatalia. Tulirudi Kawangware bila kuzimika.

Mama alirudi kutoka Limuru kesho yake jioni, kitambaa cha kichwa kimekaa upande.

"Mlifika?" nikauliza.

"Tulifika! Tena huyo baba ya msichana ako na pikapu yake, huzimika zimika tu. Nikamfungulia kifuniko mbele ya wazee wote, nikamwambia, 'Baba, tangi lazima ipumue. Wacha kuziba ziba vitu.' Wakainama wote kukiangalia."

"Hawakuuliza umejifunzia wapi?"

"Waliuliza."

"Ukasema?"

"Nikasema ni uzoefu," akajibu, akaingia kwake.