Jumamosi, Mama Alipokuwa Anaoga

Sisi tuliokuwa wasichana wadogo wakati marobota ya mitumba yanaanza kushushwa Mbinga, siku za wiki tulizijua kwa kazi za mama zetu. Jumatatu hadi Ijumaa ni shamba. Jumapili ni misa, na viatu unavibeba mkononi, unavivaa ukifika karibu na kanisa ili visichakae njiani. Jumamosi asubuhi ni kufua mtoni, mchana ni kuchambua kahawa kwenye vichanja mpaka macho yanaona punje hata ukiyafumba. Na nyumbani kwetu, huko juu upande wa Litembo, Jumamosi saa tisa ilikuwa na shughuli yake ambayo sikuiona kwa jirani yeyote. Mama alikuwa anaoga.

Msinicheke. Najua watu wote walikuwa wanaoga. Lakini siku nyingine kuoga kulikuwa kopo mbili za maji ya baridi, unasugua pale penye udongo, unakimbilia motoni maana ile baridi ya milimani haikubembelezi. Jumamosi Mama alikuwa anaoga kweli. Debe zima la maji linachemka nje, moshi unanukia kuni za mkaratusi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kijibafu cha nyasi kisicho na paa wala mlango, kina kona tu unaizunguka. Mama anaingia na maji yake, kipande cha sabuni ya mche, dodoki, na jiwe la kusugulia nyayo alilotoka nalo kwao ufukweni. Maana Mama alikuwa Mnyasa wa upande wa Mbamba Bay, amezaliwa maji yakiwa mlangoni. Baba alishuka ziwani na maharage kubadilishana na usipa, wale dagaa wa kule, akarudi na usipa na mchumba. Huko milimani Mama alijifunza Kimatengo, akajifunza kulima ngolo, akazoea baridi. Kitu kimoja tu alikataa kukiacha, nacho ni kukaa majini mpaka atosheke.

Ninyi mnaolima kwingine niwaeleze ngolo ni nini. Ni vishimo vya mraba vinavyopangwa mlima mzima, ukiutazama kwa mbali unafanana na sega la nyuki. Wanaume wanafyeka majani na kuyapanga kwa mistari. Halafu wanaondoka. Kuchimba udongo katikati na kuyafunika yale majani ni kazi ya wanawake, kishimo baada ya kishimo, umeinama, miguu peku ndani ya tope. Ndiyo maana nyayo za mama zetu zilikuwa na mipasuko ya kuingiza punje ya mahindi. Mama akiitazama yake alikuwa anasema, "Miguu hii ndiyo shamba lenu. Ikilala, mtalala njaa."

Kazi yangu, mimi binti wa kwanza, ilikuwa kukaa kwenye gogo pale kona ya bafu na kuzuia watu. Mdogo wangu akilia, nambembeleza mimi. Mgeni akija, namkaribisha mimi, shikamoo, karibu kiti, Mama anakuja. Sheria ya Mama ilikuwa fupi: "Hata nyumba ikiungua, zimeni wenyewe. Mikono mnayo."

Shangazi, dada yake Baba, nyumba yake ilikuwa jirani na njia yake ya kisimani ilipita papo hapo. Kila Jumamosi alisimama na ndoo yake kichwani.

"Kaka yangu alileta mke au alileta bata?"

Na Mama kutoka ndani, bila haraka: "Wifi, pita tu. Bata hasikii."

Akitoka humo alikuwa mtu mwingine. Anapaka mafuta, anakaa juani ananyoosha miguu, mimi namsuka. Anatuimbia nyimbo za kwao. Ukimwomba kitu saa hiyo unapewa. Sisi watoto tulijua, hata ruhusa ya kwenda kucheza rede kijiji cha pili tulikuwa tunaingojea saa hiyo.

Basi likaja soko huria. Zamani gari la ushirika lilikuwa na siku yake, unajiandaa, unapeleka kahawa, mnarudi nyumbani. Sasa wakaanza kuja wanunuzi binafsi na magari yao, na hao hawakuwa na siku. Likisikika honi barabarani kijiji kizima kinakurupuka, watu wanachambua huku wanakimbia. Na sisi watoto tulikuwa na wazimu wetu, maana kulikuwa na dereva mmoja aliyekuwa anatupa biskuti dirishani. Vijana wa leo mkiletewa biskuti mnauliza ni za ladha gani. Sisi tulikuwa tunazinusa kwanza, tunakula pembe moja, nyingine tunaenda nayo shule ili waione.

Jumamosi moja ya msimu, Mama ndiyo kwanza ameingia bafuni, honi ikalia. Baba akaja mbio.

"Anjela, kamwite mama yako."

"Baba, Mama anaoga."

"Najua anaoga, sina macho? Mwambie gari limefika na gunia mbili bado hazijachambuliwa." Akageuka, akaenda zake kukusanya magunia.

Nikabaki pale kwenye gogo. Niseme ukweli, maana uzeeni mtu unachoka kujitetea. Sikumwogopa Baba. Nilikuwa nawaza biskuti. Mama asipotoka na mimi siondoki, na wenzangu nilishawasikia wanapiga kelele kule barabarani. Na nilijua nikimwambia habari ya gari atanijibu kahawa haina miguu, itangoja. Nikatafuta neno la kumtoa. Nikasema, "Mama, bibi amekuja. Amekuja na lile gari, kutoka ziwani."

Bibi, mama yake mzazi. Walikuwa hawajaonana miaka minne.

Nilisikia kopo likianguka. Mama alitoka amejifunga kitenge hakijakaza, povu limejaa nusu ya kichwa, anacheka kama msichana, anakimbia peku mpaka barabarani. "Yuko wapi?" Anazunguka gari. "Mama yuko wapi?" Watu wanamtazama. Baba akamwona, akasema, "Umekuja, vizuri. Shika hili gunia."

Mama akageuka akanitafuta kwa macho. Nilikuwa na biskuti mdomoni.

Hakunipiga. Ningeshukuru kama angenipiga, enzi zetu ukipigwa deni limekwisha. Alikaa chini akachambua kahawa mpaka jioni, sabuni imemkaukia shingoni nyeupe kama chokaa. Jumamosi iliyofuata saa tisa ilipofika nikaenda kukaa kwenye gogo. Hakuna moto uliowashwa. Mama alikuwa kwenye kichanja. Nikamwuliza, "Mama, nikuchemshie maji?" Akasema, "Ya nini? Nikiingia mtanitoa." Na ikawa hivyo. Msimu wa kahawa ukaisha, yakaja mahindi, ikapita Krismasi, Mama anaoga kopo mbili kama wenzake. Zile nyasi za bafu mbuzi wakazila taratibu. Shangazi naye akapita na ndoo yake hana wa kumtania, siku moja nikamsikia anamwuliza Baba, "Bata wenu anaumwa?"

Alikuwa bado haumwi. Aliugua mwezi wa tatu, wakati wa ngolo. Baba amefyeka, majani yamepangwa vizuri, mvua inanyesha, kunangojwa wanawake tu. Siku ya nne Mama akarudi kutoka shambani anachechemea. Mpasuko wa kisigino, ambao zamani kila Jumamosi ulilowa na kusuguliwa kwa lile jiwe, ulikuwa umeingia tope. Akafunga kitambaa, kesho akaenda tena, kesho kutwa akaenda tena, mpaka mguu ukavimba, ngozi inang'aa. Wakambeba kwenye machela mpaka hospitali. Huko wakatuambia tungekawia wiki moja zaidi tungekuwa tunazungumza habari za kukata. Walimlaza majuma matatu.

Na shamba linangoja. Kuita watu waje kusaidia kulitaka pombe, na mpika pombe wetu ndiye huyo kalazwa. Shangazi alikuwa na mlima wake mwenyewe. Basi Baba akachukua jembe, akaingia kuchimba ngolo, mbele ya kijiji. Mnaojua, mnajua aibu yake. Mimi nilikuwa nyuma yake na kijembe changu. Mraba wake wa kwanza ulikuwa duara. Wa pili ulifanana na kiatu. Wanawake wakaacha majembe yao mlima wa pili wakasimama kutazama. Shangazi akashuka kabisa aje aone kwa karibu.

"Kaka, hizi ni ngolo au makaburi ya kuku?"

"Dada, kama umekuja kucheka, cheka uende."

"Sijacheka bado. Nangoja ufike kule kwenye mteremko."

Mchana Baba alikaa chini akatazama viganja vyake, vimetoka malengelenge. Akatazama mlima uliobaki. Akaniuliza, "Mama yako kwa siku huwa anachimba mpaka wapi?" Nikamwonyesha ule mti kule chini. Akaupima kwa macho kutoka pale tulipoishia. Mimi ndipo nikashindwa kuvumilia, nikamwambia yote, gari, bibi, biskuti, huku nalia na kamasi zinatoka. Nilingoja kofi. Baba akasema, "Uongo ni wako. Lakini aliyekutuma kumtoa ni mimi." Akanyanyuka akashika jembe, tukaendelea na yale makaburi yetu ya kuku.

Mama aliporudi na fimbo yake, Baba alikuwa ameshakata nyasi mpya na kulijenga bafu, safari hii kuta zinafika shingoni. Jumamosi saa tisa akachemsha debe yeye mwenyewe. Mama hakusema asante, alisema, "Maji haya ni ya kuoga au ya kunyonyolea kuku?" Akapunguza, akaingia. Na kwenye gogo alikaa Baba. Hakunipa mimi kazi ile tena, na alifanya haki. Msimu wa kahawa ulipofika, honi ikalia Jumamosi, hakuinuka. Yule mnunuzi akapanda kwa miguu mpaka uani.

"Mzee, kahawa vipi? Nasikia unayo."

"Ninayo. Mwenyewe anaoga."

"Basi mwite, gari linaondoka."

"Liende salama," Baba akasema.

Likaenda. Shangazi akasema kaka yake amerogwa na watu wa ziwani. Wiki ile ile likaja gari lingine, tukauza.

Sasa nina binti, Skola, anaishi Mbinga mjini, ni mtumishi, na ameniletea wajukuu watatu ambao hakuna wazuri kama wao wilaya nzima, bishaneni na mtu mwingine. Skola ana bafu ndani ya nyumba. Lina vigae, bomba, na kile kidude cha kupasha maji moto, unabonyeza tu. Ana sabuni ya uso, sabuni ya mwili, sabuni ya nywele, na ya nne sijui ni ya nini. Na kila nikienda ananiambia, "Mama, sina muda wa kujitunza. Sijachana nywele tangu Jumatatu." Kila siku wimbo ndio huo. Nami humjibu vibaya. Nimemwambia bibi yako alikuwa na mlima wa ngolo, kahawa, watoto sita na kuni za kukata, na Jumamosi saa tisa alioga. Wewe una nini? Nimemwambia unakaa kitandani unatazama kwenye simu wanawake wengine wanavyojipaka matango usoni, ungetumia dakika hizo kujipaka la kwako. Ananijibu, "Basi Mama." Huyo ndiye msomi wangu.

Mume wake ni kijana mzuri ametoka mkoa mwingine, na ni mkwe wangu, siwezi kumwambia neno. Lakini nimemwona kwa macho yangu anagonga mlango wa bafu kuuliza soksi za mtoto ziko wapi. Soksi alikuwa amezikalia. Mjukuu wa kati anagonga kuuliza kama anaweza kula ndizi. Nilikuwa nakaa pale sebuleni natafuna hasira yangu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa huku nyumbani kijijini, nikampigia. Akapokea, sauti inarudi kama ya mtu aliye ndani ya pipa, maji yanamwagika.

"Shikamoo Mama. Niko bafuni, kuna nini?"

"Marahaba. Lile chekeche la unga ulilonipa, umelinunua duka gani?"

Akanieleza. Anafumba macho nadhani, maana nilimsikia anasema sabuni inamwingia. Akanieleza duka, na pembeni yake kuna nini, na nimwulize nani. Nami nikauliza tena bei. Ndipo nilipoisikia sauti yangu mwenyewe. Nikamwambia, "Skola, mwanangu, nisamehe. Weka simu, oga."

"Nimeshatoka, Mama," akasema. "Uliza tu."

Zamani bafu la Mama lilikuwa nyasi tupu, kuku alikuwa anapita chini yake. Lakini akiingia humo, mume, wifi na watoto wote tulijua hatoki mpaka achoke, na mara moja tulipomtoa tuliona kilichotupata. La Skola lina mlango wa mbao na komeo la chuma, na sisi sote tunaompenda tumo ndani naye. Muda anao mwanangu, nimekuwa nikimwonea. Alichokosa ni watu wa kumwacha.