Kina Mama Furaha wa Kalemie

Likizo hii niliondoka Nyunzu kwa sababu Yaya Faustin, kaka yangu mkubwa, alipiga simu akasema mikono haimtoshi. Anafundisha ordinateri, yaani kompyuta, katika chuo kimoja cha Kalemie ambako watu husomea kupiga picha za ndani ya mwili: mifupa, mapafu, mimba. Makundi yalikuwa mawili na yeye ni mmoja. Mimi humsaidia Mama kuchapa barua za watu katika biro yetu, ofisi ndogo tu, kwa hiyo vidole vyangu vinaijua kompyuta vizuri. Shida ni mdomo. Mbele ya watu wazima sauti yangu huenda kujificha. Nilikubali upesi, kabla sijapata nafasi ya kuogopa.

Tulitoka asubuhi, majani yakiwa bado na umande. Motari aliyenibeba kwenye pikipiki yake aliimba njia nzima, akinyamaza kwenye matope tu. Tulipofika Niemba, katikati ya njia, tulisimama kula muhogo wa kuchoma. Akauliza naenda Kalemie kufanya nini, nikamwambia naenda kufundisha wanafunzi wa chuo. Aliacha kutafuna.

“Weye? Na wenyewe wako watu wakubwa?”

Nikasema ndiyo. Akanipa kipande chake cha muhogo, kile kikubwa.

Kalemie tuliingia mchana ukiwa umeanza kupoa, vumbi limetufanya rangi moja na barabara. Harufu ya ndagala, dagaa wa huko, walioanikwa ilinifikia kabla sijaliona ziwa. Yaya alinipokea kwa bukari, yaani ugali, na samaki wa mikebuka, akaniacha nishibe, ndipo akaniambia jambo lenyewe. Siku ya Ijumaa kutakuwa na mtihani. Kila mwanafunzi atatakiwa kuhifadhi picha ya mgonjwa kwenye kompyuta, kisha kuitafuta na kuipata. Atakayeshindwa haendi staji, mazoezi ya kazi hospitalini. Atangoja mwaka mwingine.

Jumatatu asubuhi nilisimama mbele ya kundi langu. Nilieleza jinsi ya kuwasha, jinsi ya kushika kipanya, jinsi ya kufungua dosie ya kuwekea picha. Nyuma kabisa alikaa Papa Kabwe, kijana mwenye miwani na maneno mengi.

“Mwalimu,” akasema, “unaongea na ordinateri ao unaongea na siye?”

Walicheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ni kweli nilikuwa nimeigeukia mashine. Nikazunguka, nikaenda kwa mmoja mmoja. Kumbe nikiinama karibu na mtu, sauti inatoka.

Niliyekaa naye zaidi ni Mama Odette wa Moba. Kipanya alikuwa anakiinua hewani kama pasi ya makaa. Aliniambia alimwacha binti yake Furaha kwa bibi yake huko Moba ili yeye mwenyewe aje kusoma. Nauli ya kuja ilitoka kwa ndugu wote, na mume wake alishasema wazi: staji ikikosekana mwaka huu, arudi nyumbani, masomo yamekwisha. Alisema hayo bila kulia, macho kwenye kioo cha kompyuta, akitafuta herufi M.

Kwa zoezi tulikuwa na picha za zamani zisizo na majina. Kila mtu alichagua moja na kuibandika jina la mgonjwa wa kubuni. Mama Odette alichukua picha ya mkono uliovunjika, akaandika “Mama Furaha”, jina ambalo yeye mwenyewe anaitwa na majirani. Alipofanikiwa kuihifadhi alinishika bega. Nilitoka pale nikitembea kama mtu mwenye diploma.

Jumatano asubuhi akaifungua ile picha ili anionyeshe. Mkono haukuwapo. Palikuwa na mapafu.

Mama Odette aliachia kipanya. Akasema polepole kwamba kichwa chake hakikuumbwa kwa mambo haya, na kwamba afadhali aanze kufunga mizigo sasa. Akachukua mkoba wake. Papa Kabwe, aliyekuwa kwenye kompyuta ya jirani, akachungulia.

“Yale mapafu njo yangu. Jana niliketi hapo.”

Yeye naye alikuwa amemwandika jirani yake, anayeitwa Mama Furaha. Nikamuuliza kama kompyuta haikumwonya. Akasema ilimuuliza “Remplacer?” akabonyeza “Oui”, ndiyo.

“Kwa nini, Papa Kabwe?”

“Si ilikuwa zamu yangu? Mama Odette alishatoka. Nikaona inaniuliza kama mimi njo ninamuramplase.”

Hakutania. Kwa kompyuta neno hilo ni kuweka picha mpya mahali pa ile ya zamani, lakini hospitalini lina kazi moja: mwenzako amemaliza zamu, unaingia mahali pake. Yeye alikubali kuingia zamu, na kompyuta ikaufuta mkono wa Mama Odette.

Mama Odette alikuwa ameshafika mlangoni. Kumfuata na kumnong’oneza kusingetosha, maana kosa lilikuwa la darasa zima. Nikasimama katikati. Maneno yalikuja.

“Mama Odette, rudi ukae. Hukukosea kuhifadhi. Tumekosea jina. Niambieni, tukisimama kwenye mlango wa hospitali tuite Mama Furaha, watainuka wangapi?”

“Nusu ya Kalemie,” akajibu mmoja.

“Na mimi wa kwanza,” akasema mwingine, ambaye kumbe naye ana Furaha wake.

Walicheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe. Kila mtu alimwona akilini yule mgonjwa wa mkono akipewa dawa ya mapafu. Tukakubaliana: jina la kwenye karte ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, sehemu ya mwili. Kompyuta ikiuliza “Remplacer?”, mkono unaondoka, unaita mwenzako. Tulirudia mpaka Ijumaa.

Ijumaa mtihani uliongozwa na mkuu wa masomo, mzee mkali aliyefunga tai. Nilikaa pembeni, sikuruhusiwa kusema. Mama Odette alipoketi, mkuu akasoma kwenye karatasi yake.

“Mgonjwa anaitwa Mama Furaha. Picha ya mguu. Hifadhi.”

Mama Odette aliondoa mikono, akaiweka mapajani.

“Papa Mukubwa, jina lake la kwenye karte ni nani?”

“Nimeshakuambia. Mama Furaha.”

“Basi siandiki.”

Yaya Faustin aliangalia chini. Mimi nilikuwa nahesabu Moba iko mbali kiasi gani. Mkuu aliisoma tena karatasi yake, akashusha miwani, na nikaona kwamba haukuwa mtego. Alikuwa ameandika kama sisi sote tunavyoitana. Akatoa kalamu, akakata, akaandika jina refu lenye tarehe. Mama Odette aliliingiza kwa kidole kimoja. Aliihifadhi, akaifunga, akaitafuta, mguu ukatokea.

“Uende staji,” akasema mkuu.

Jumapili nilirudi Nyunzu kwa pikipiki. Motari alikuwa mwingine, asiyeimba, nikapata nafasi ya kufikiri. Nimejifunza kwamba mtu mkubwa unaweza kumwambia hapana ukiwa bado unamwita Mama au Papa. Sauti yangu haijakua. Nimejua tu kwamba inafika.

Wiki hii Mama Odette ameniandikia kwenye simu, maneno machache, yote kwa herufi kubwa. Mtoto mmoja alianguka kwenye ngazi, akapigwa picha asubuhi katika hospitali anakofanya staji. Mchana daktari akaihitaji tena, akamwita Mama Odette. Ameandika: NILIITAFUTA NIKAIPATA. ILIKUWA YAKE.