Peji ya Kijana Wangu wa Mwisho

Hapana, mashine haikukosea. Nasema mapema kwa sababu najua mtauliza kwa nini peji ya kijana wangu imebaki vile ilivyo. Kila mtu hapa nyumbani ana jibu lake: ati kukhu, yaani mimi nyanya yao, aliogopa kompyuta, ati stima ilipotea, ati yule msichana wa ofisi alichoka na sisi. Mashine ilifanya vile iliambiwa. Ni sisi watu tulikuwa na maneno.

Aliyeleta hiyo kazi ya kuandika ukoo wetu kwa mashine ni huyo msichana, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Ukoo wake ni mwingine kabisa, hapa si kwao, lakini yeye ndiye mwenye laptopu, kwa hivyo alikuwa mkubwa wetu sisi wote. Ameajiriwa Malaba, kwa ofisi ya hawa watu wa kupitisha malori mpakani. Huko wameandika kazi yao yote kwa peji za kompyuta, na mtu yeyote wa ofisi anaweza kuingia arekebishe. Mizigo ina peji yake, ndani ya mizigo kuna mafuta, ndani ya mafuta kuna karatasi za mafuta. Akaona, kama mizigo inapangika hivyo, ukoo wa mama yake utashinda nani?

Basi akija hapa Funyula anakalia kiti changu, kile cha mgongo, mimi naachiwa stuli. Halafu anaanza na ile sauti ya ofisi, inapitia puani: "Kukhu, leo tuko nyumba gani?"

Mimi nimetoka kupalilia muhogo, kiuno si changu tena. Namwambia, "Tuko nyumba ya kulala."

"Aki kukhu, usicheze. Tumalize nyumba ya mke wa pili."

"Huyo mke mwenzangu alinimaliza akiwa hai. Sasa anataka kunimaliza kwa laptopu."

Mwanzoni alikuwa ametupa watu wote pamoja kama mahindi ndani ya gunia. Sasa, sisi mtoto akilia sana tunamwitia majina ya waliokufa mpaka anyamaze, na lile lililomnyamazisha ndilo jina lake. Na hii boma yetu watoto walikuwa wananyamaza na jina la baba mkwe wangu tu. Kila nyumba ina mmoja, nyumba zingine wako wawili. Mashine ikaona jina moja, ikadhani ni mtu mmoja. Siku moja mjukuu akasoma peji kwa sauti: huyu mzee alizikwa zamani, anauza mbolea Chakol, na yuko darasa la pili.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. "Kukhu, wamekaliana! Mmoja ameandikwa juu ya mwingine!"

Hapo ndipo akaweka nyumba. Unaanza na ukoo, unaweka nukta mbili, unaandika nyumba ya mke fulani, nukta mbili tena, ndipo jina la mtu. Kama mtu anaita kutoka kwa lango: wewe wa kwa fulani, wa nyumba ya fulani! Hata mimi hiyo nilielewa, maana ndivyo tunaitana. Wale wa jina moja wakaachana, kila mmoja akakaa kwa mama yake. Wa mbolea akatoka darasa la pili.

Kisha akafunga nyumba na linki. Ukifinya jina la mtu unarushwa mpaka kwa peji yake. Jina likiwa buluu, peji iko. Likiwa nyekundu, huyo mtu ametajwa tu, hajaandikwa. Dada zetu walioolewa ng'ambo, upande wa Uganda, walikuwa wekundu wote kama pilipili. "Kukhu, huyu ni nani? Na huyu alizaa nani?" Kila Jumapili. Nikitoka kanisani, ananingoja. Nikilala kidogo, ananingoja. Nilikuwa nahesabishwa wafu mpaka chakula kinapoa.

Ndipo tukafika nyumba yangu.

Kijana wangu wa mwisho anaendesha lori, yale marefu ya kwenda Kampala. Siku hiyo alikuwa nyumbani, anakwangua matope kwa viatu. Mjukuu akasoma mwaka ambao bwana yangu alikufa, akasoma mwaka ambao huyu kijana alizaliwa, halafu sauti ya puani ikapotea.

"Kukhu... mjomba alikuja baada ya babu kufa."

"Eh. Alichelewa gari."

Hakuna mtu alicheka. Hii kitu kwetu haifichwi. Haisemwi tu. Bwana yangu alipokufa, ndugu yake mdogo alinirithi kama desturi yetu ilivyokuwa, na mtoto niliyezaa hapo ni wa marehemu. Anaitwa kwa jina la marehemu, anajenga kwa shamba la marehemu. Yule aliyemzaa, kijana anamwita baba mdogo. Hata wakikutana kwa njia wawili peke yao, ni baba mdogo, shikamoo, basi.

"Sasa nimweke wapi?" mjukuu akauliza. "Peji inakaa ndani ya nyumba moja."

"Iko nyumba yake. Wacha hapo."

Kijana akaweka kiatu chini. Yeye akiongea ni kama anashindana na injini, hata ukikaa karibu naye: "Mama, mimi sitoki nyumba ya baba! Sitaki shamba la mtu, sitaki ng'ombe ya mtu!" Kisha akashusha sauti, na mimi hiyo sauti sijawahi kuiigiza. "Nataka tu nikifinya jina langu, nifike kwa baba mdogo. Mzee kifua kinammaliza. Akishaenda, nitamfikia wapi?"

Mjukuu akaruka juu. "Lakini inawezekana, mjomba! Peji haihami. Linki si nyumba, linki ni kanjia tu. Tunaweka neno moja, baba mzazi. Ukifinya unafika kwake, na yeye akifinya anafika kwako. Lakini kwa peji ya mtu aliye hai hatuandiki kitu bila ruhusa yake."

Wakaniangalia mimi. Nilikuwa nimechoka kunyamaza, na kuongea pia nilikuwa nimechoka. Nikasema twende tumuulize.

Kwake ni kuvuka ua tu. Tulimkuta kwa jua, amejifunika blanketi. Kabla ya kuongea anakohoa kwanza, kama pikipiki ya asubuhi: kho, kho, kho, ndipo inashika. Hii kazi ya peji alikuwa anaipenda. Akamwambia mjukuu amsomee yake, na akasomewa wake zake, watoto wake kila mmoja kwa nyumba ya mama yake, mpaka ng'ombe yake nyeupe iliyomshinda daktari. Anatingisha kichwa, eh, eh, hiyo ni kweli, eh.

Mjukuu akamwonyesha pale chini ya watoto, nafasi ya linki mpya. Akaeleza polepole, kwa adabu, ati mjomba anabaki nyumba ya marehemu, hakuna kitu kinahama, ni kanjia tu.

"Mtu akifinya hapo," mzee akauliza, "anatokea wapi?"

"Kwa mjomba, babu."

Kijana wangu alikuwa amesimama nyuma ya mjukuu, kofia mkononi. Mzee akamwangalia yeye, hakuniangalia mimi. Kho, kho.

"Toa hiyo. Mimi nililinda nyumba ya ndugu yangu, sikuzaa mtu huko."