Mguu wa Bua na Koti la Babu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile Mama Skola aliponirudishia michoro yangu juu ya kaunta na kuniambia watoto hawaitaki. Nilikuwa kijana, nimepanga chumba hapa hapa Kizwite, Sumbawanga, kichwa kimejaa katuni na tumbo halina kitu. Juzi uliponionyesha kwenye simu wale mashujaa wako uliowachora kama midoli ya zamani, na pakiti zao, na mikono yenye viungo vya kuzungusha, nilicheka ukadhani nakudharau. La hasha. Nilikuwa nimejiona mwenyewe. Hebu kaa, jifunike hilo blanketi maana upepo wa leo hauna adabu, nikusimulie.

Mama Skola alikuwa na duka la vifaa vya shule, na nyuma ya duka alikuwa na mashine ndogo ya kuchapa. Alichapa kadi za harusi na za michango, kisha akapata wazo la karatasi za kava. Wakati ule kila mtoto alitakiwa kuyavalisha madaftari yake kava, na wengi walitumia magazeti au mifuko ya saruji. Akaona akichapa karatasi zenye picha za mashujaa, watoto watawasumbua wazazi mpaka wanunue. Alitaka mashujaa wapya kabisa, ambao hawajaonekana popote, wachorwe kama vitu vya kuchezea. Kazi hiyo akanipa mimi.

Nami niliitaka kazi hiyo kuliko chakula. Baba yangu, kule kijijini Mwimbi, alikuwa ameshasema neno lake: nichore nitakavyo mpaka mvua za kulimia, na zikinikuta sijapata mtu wa kuchapa hata picha yangu moja, nirudi nyumbani nikashike maksai. Baba hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili. Jembe silidharau, mwanangu, limenisomesha na kunivika. Lakini nilijijua: siku nitakayoishika ile fimbo ya kuswagia ng'ombe, penseli ndiyo nimeizika.

Basi nikachora. Wewe acha, nilichora vifua! Kila shujaa kifua kama gunia la mahindi, barakoa usoni, shuka mgongoni linapepea. Huyu nikampa radi, yule nikampa moto, nikajiona fundi. Mama Skola akawabandika ukutani dukani. Watoto wakaingia kununua penseli, wakatazama, wakatoka. Mmoja tu ndiye aliyesimama, naye aliuliza yupi ni yupi. Mama Skola hakuwa na tabia ya kuzungusha maneno.

"Wote hawa ni mtu mmoja aliyebadili shati," akaniambia. "Mimi nataka watu."

Akasema ananipa nafasi moja zaidi, nikishindwa atatafuta mchoraji Mbeya. Nilitoka pale nimefura kwa hasira, nikijisemea huyu mama anajua nini kuhusu sanaa. Kabla hasira haijapoa, nikapata habari kwamba babu amefariki, yule aliyemzaa baba. Nikapanda gari la kwenda Mwimbi.

Sasa hapa nisikilize vizuri, kwa sababu ninyi watoto wa siku hizi mambo ya utani mnayasikia juu juu tu. Mtani ni mtu mwenye ruhusa ya kukucheka hata msibani kwako, na huna haki ya kununa. Mtani wa familia yetu alikuwa Bibi Melania, mwanamke mfupi, mkavu, mdomo wake hauna breki. Siku ya kuanua matanga alipotea kidogo, kisha akatokea nyuma ya nyumba amevaa koti la babu, lile zito alilolivaa kiangazi na masika. Kwake lilifika kwenye vifundo vya miguu. Ukosi aliupandisha ukaufunika uso wote.

Akaanza kutembea. Mkono mmoja nyuma ya mgongo. Hatua chache, anasimama, anageuka kuangalia njia kana kwamba kuna mtu anamfuatilia, halafu anaendelea. Alipofika jikoni alifunua chungu akanusa kwanza, ndipo akasalimia watu. Hakusema yeye ni nani, na hakuna aliyeuliza. Akina mama waliokuwa wakilia wakaanza kucheka huku machozi yanatiririka. Mtoto mdogo wa shangazi akakimbia akalishika lile koti, akaita, "Babu." Na baba yangu, ambaye tangu msiba uanze hakuwa ametoa chozi, alijifunika uso kwa kofia akalia kwa sauti.

Mimi niliduwaa. Sura haikuonekana hata kidogo, kimo si chake, na bado babu alikuwa pale uani, mzima kabisa. Nikawaza mashujaa wangu wenye sura zilizonichukua siku nzima kuzichora, na hakuna mtoto aliyeweza kumtofautisha mmoja na mwingine. Aibu ilinishika, nisikufiche.

Jioni nilimfuata Bibi Melania alipokuwa akipepeta ulezi. Nikamwamkia shikamoo, nikamtolea michoro mfukoni. Alicheka mpaka akaweka ungo chini. Akauliza hawa wanaume wamemeza matikiti au wana ugonjwa. Kisha akaacha kucheka, na nilichokipata pale sikukipata kwa mwalimu yeyote.

"Wewe umechora nguvu," alisema. "Nguvu kila mtu anaitamani, ndiyo maana wote wamefanana. Mtu tunamjua kwa kile anachokifanya yeye peke yake, hata kama ni kasoro. Babu yako nimemtazama miaka yote nikimcheka, na nilimpenda. Ndiyo maana leo nimeweza kumleta."

Halafu akaniuliza nilipokuwa mtoto nilikuwa nachezea nini. Nikamjibu kwamba sisi hatukuwa na midoli ya dukani, tulifinyanga watu wetu kwa udongo wa mtoni, tukawachomekea vijiti kuwa mikono ili izunguke. Nilikuwa nao wengi, wazuri, na siwakumbuki. Ninayemkumbuka ni mmoja aliyevunjika mguu vitani, nikamchomekea kipande cha bua la mahindi. Bua lilikuwa refu kuliko mguu mwingine, kwa hiyo alisimama upande. Akipiga teke, mguu unachomoka unaruka, mimi nakimbilia kuuokota ili vita iendelee. Bibi Melania akaokota ungo wake, akaendelea kupepeta.

Nilichora kesho yake mchana kutwa, nimekaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Nilimchora Mguu wa Bua jinsi alivyokuwa mikononi mwangu: alama za vidole tumboni, ufa begani, mkono wa kijiti, mguu umeshachomoka uko hewani. Nikamchora Bwana Koti, ukosi umemfunika uso, mkono mmoja nyuma umeficha manati, ananusa hatari kabla ya kusalimia. Nikamchora Bi Ungo, mfupi, ngao yake ungo, na silaha yake kicheko kinachowachanganya maadui. Nikarudi Sumbawanga nikaiweka michoro kwenye kaunta.

Mama Skola aliipitia mmoja mmoja. Halafu akamgusa Mguu wa Bua kwa kidole.

"Na huu mguu," akauliza, "nani huwa anamrudishia?"

Hapo nikajua nimeshinda, mwanangu. Hakuna mtu anayeuliza swali kama hilo kuhusu picha. Unaliuliza kuhusu mtu. Akachapa, akabandika, na watoto wakajaa mlangoni wakigombana nani amchukue nani. Haukupita muda nikawaona barabarani wakienda shule: mmoja anatembea ameinamia upande, anapiga teke hewani, mwenzake anakimbia kuokota mguu usiokuwepo. Mimi nilikuwa nimewapa picha iliyotulia, mwendo wameutoa wao wenyewe kwenye picha. Nilicheka peke yangu pale barabarani mpaka mama mmoja akaniuliza kama niko salama. Nilikuwa salama kuliko siku zote za maisha yangu.

Mawingu ya kulimia yalipoanza kukusanyika, baba akaja kunichukua. Neno lake ni neno lake, na habari za kava hazikuwa zimemfikia. Nilimpokea, nikamwambia kwanza twende akamsalimie mama anayechapa kazi zangu. Njiani tukakutana na watoto wametoka shule. Katikati yao kulikuwa na binti mdogo, sweta amelivuta limemfunika uso, mkono mmoja nyuma ya mgongo. Akatembea hatua chache, akasimama, akageuka kuangalia njia, akaendelea.

Baba alisimama katikati ya barabara.

"Huyu mtoto," alisema taratibu, "amemjulia wapi baba yangu?"

"Kwangu, baba," nikamjibu.

Alimwangalia yule binti mpaka akakata kona. Akavua kofia, akaikunja, akaivaa tena. Ndipo akasema, "Maksai nitatafuta mtu wa kuwashika. Wewe hii kazi usije ukaiacha."

Sijaiacha mpaka leo, na mvi hizi unaziona.

Kwa hiyo, mwanangu, chukua simu yako uwatazame tena mashujaa wako. Wanang'aa, rangi unaziweza, hilo sikunyimi. Lakini niambie huyu anatembeaje. Akiwa peke yake anafanya nini? Amewahi kuvunjika wapi, na nani alimtengeneza? Kama hujui, bado hujamchora, umechora shati lake tu. Usizikimbie kasoro, wala usiende mbali kuzitafuta. Watazame watu wa kwenu kwa upendo unaotosha kuwacheka, kisha wachore hivyo hivyo, na kidoli chako kiwe na alama za mtoto aliyekipenda.

Na Mungu aliyetufinyanga sisi sote kwa udongo akubariki mikono yako. Akupe macho ya kuwaona watu, akupe mtu wa kukuambia ukweli mapema, na akujalie siku moja usimame barabarani uone mtoto usiyemjua akitembea kwa mwendo wa mtu uliyempenda. Amina. Haya, inuka ukachore.