Kioo Kilichogeuzwa cha Ottilie Schwörer

Katika miaka kumi na mmoja aliyofanya kazi kwenye kituo cha nyota kule kilimani, juu ya mto Neckar, hakuna kipimo cha Ottilie Schwörer kilichowahi kurudishwa. Jambo hilo lilijulikana, na yeye alihakikisha linajulikana. Kwenye ukuta wa chumba cha kupimia lilining'inia daftari la makosa la Profesa, mkuu wa kituo, na kila mpimaji alikuwa na ukurasa wake humo. Ukurasa wa Dakta Eugen Traub ulikuwa umejaa pande zote mbili. Wa Ottilie ulikuwa na jina lake tu.

Alikuwa na miaka thelathini na sita, hakuolewa, na hakumwomba mtu radhi kwa hilo. Baba yake alichora nyuso za saa huko Msitu Mweusi, nambari za Kirumi kwa mkono mtupu bila rula, na binti alirithi jicho lake. Kila asubuhi alipanda kilima kwa miguu, na kipande cha mkate wa viazi mfukoni, akafika kabla ya wale waliopanda treni.

Kazi yake ilikuwa ya mchana. Usiku wenzake walielekeza kamera angani kwa saa mbili mfululizo, wakiifuata nyota moja ya kuongozea, na asubuhi walimwachia kioo cha picha. Nyota zilitoka kama nukta. Asteroidi, zile sayari ndogo za mawe, kwa kuwa zinatembea, zilitoka kama vistari. Ottilie alivisaka kwa lenzi, na akikipata kimoja alikizungushia wino kwenye mgongo wa kioo, kwa sababu uso wake ulikuwa na dawa ya picha na kalamu ingeukwaruza. Kila kituo kilifanya hivyo.

Jumanne moja ya Aprili mwaka 1920 alikuta kistari kifupi mno kwenye kundi la nyota la Sumbula, robo ya milimita, chini ya nusu ya urefu wa vingine. Kistari kifupi maana yake ni kitu cha polepole, na cha polepole maana yake ni kitu cha mbali. Alikizungushia wino, akachukua rula, akaandika kwenye karatasi ya wapiga picha: milimita thelathini na sita mashariki ya nyota ya kuongozea.

"Huyu ni wa njia ya Mshtarii," alimwambia Traub. "Mgiriki."

Hilo halikuhitaji maelezo pale kilimani. Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, haizunguki Jua peke yake kwenye njia yake. Kuna asteroidi zinazoitangulia kwa sehemu moja ya sita ya duara, na nyingine zinazoifuata kwa umbali huohuo, miaka nenda miaka rudi, bila kuifikia wala kufikiwa. Ni desturi kuzipa majina ya mashujaa wa vita vya Troya: za mbele Wagiriki, za nyuma Watroya. Wakati ule zote zilizojulikana hazikufika kumi.

"Mgiriki, eti," alisema Traub. "Bi Ottilie, umekuwa na njaa ya Mgiriki tangu vita viishe."

"Nina njaa ya vingi, Dakta. Huyu nimemwona."

Usiku ule, na uliofuata, wenzake walipiga picha mahali alipopaandika, kwa darubini kubwa ya kituo, iliyoona mbali lakini eneo dogo. Anga ilikuwa safi. Hapakuwa na kitu.

Alhamisi Traub aliingia na vioo viwili vitupu, akaviweka mezani.

"Mkwaruzo," alisema. "Zamani tungejua siku ileile. Kamera mbili, vioo viwili kwa pamoja, kisichoonekana kwenye vyote ni uchafu. Sasa vioo vimeadimika, tunapiga kimoja, na kila mkwaruzo unageuka Mgiriki. Nimekipeleka kioo chako kwa Kreszenz. Akioshe kesho, tukipake dawa upya."

"Si mkwaruzo."

"Basi yuko wapi?"

Ottilie alivikagua vile vioo viwili kwa lenzi; vilikuwa vitupu kweli. Bila kioo kile hapangekuwa na ushahidi. Juma lililofuata mwezi ungeanza kung'arisha anga, na kitu hafifu namna ile kingepotea, pengine kwa miaka. Lakini hakujiuliza kama ameona vibaya. Alijiuliza wamekosea nini wao.

Ijumaa saa mbili asubuhi aliteremka chumba cha kuoshea. Kreszenz, mjane mwenye mikono myekundu kwa magadi, alikuwa ameshapanga vioo kando ya beseni.

"Kimoja usikiguse, mama," alisema Ottilie. "Kile cha usiku wa Jumatatu."

"Dakta kasema nioshe."

"Mimi nasema ungoje."

"Nyie wenye macho gombaneni huko juu. Mimi nina vioo thelathini." Hata hivyo alikiinua kile cha Jumatatu, akakigeuza mgongo juu na kuchovya kitambaa kwenye spiriti. "Naondoa wino tu kwanza. Wino ndio mgumu kufa; dawa ya picha siigusi bado."

"Mbona umekigeuza?"

"Nitausugua vipi wino na uko upande wa pili? Wino mgongoni, picha usoni. Miaka yote hii hujui?"

Ottilie alikuwa anajua. Alikitazama kioo kilivyokaa mikononi mwa Kreszenz, duara la wino juu, picha chini, na akajiona Jumanne, rula mkononi, wino bado mbichi. Alikuwa amekiacha kioo mgongo juu ili wino usiguse meza, akapima hivyohivyo. Kioo kikilala kifudifudi, mashariki inakuwa magharibi. Mwanafunzi wa juma la kwanza huonywa juu ya hilo.

Alikichukua kioo, akampa Kreszenz mkate wake wote, akapanda ngazi.

Traub alikuwa anakunywa kahawa ya shayiri.

"Nilipima kifudifudi," alisema Ottilie. "Siyo mashariki. Magharibi."

Traub aliweka kikombe chini taratibu. Alianza kutabasamu, kisha akaacha.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Basi sikiliza. Naandika kwamba siku zile mbili kulikuwa na wingu. Leo tunatafuta upya, Profesa hana haja ya kuuliza. Ukurasa wako unabaki mweupe. Nakutendea wema, Bi Ottilie, na sijui kwa nini."

"Hapakuwa na wingu. Kesho kutwa mtu atatafuta kingine mahali palepale, asome kwamba hatukupaona, kumbe tulipaona vizuri na ni patupu." Alishusha daftari la makosa ukutani, akachovya kalamu kwenye wino mwekundu, akaandika tarehe, namba ya kioo, na maneno matatu: *Kimepimwa kifudifudi. Schwörer.* Mwandiko wake ulikuwa ule wa nyuso za saa.

Kisha alikaa kupiga hesabu. Siku nne zilikuwa zimepita, na kitu kilikuwa kimesogea. Kama ni asteroidi ya kawaida, kingekuwa mbali. Kama kinatembea kwa mwendo wa Mshtarii, kingekuwa chini ya nusu ya umbali huo. Darubini isingeweza kuona mahali pote pawili, na Traub alikuwa na kioo kimoja tu cha kumpa.

"Mwendo gani?" aliuliza Traub.

"Wa Mshtarii."

"Kosa moja linatosha kwa juma moja."

"Hilo moja nimeshalimaliza. Piga hapa." Alimpa karatasi.

Jumamosi kioo kililetwa chumba cha kupimia kikiwa bado na unyevu pembeni. Traub alikileta mwenyewe na hakuondoka. Ottilie alikilaza dawa juu, akahakikisha kwa kucha pembeni, akainamia lenzi. Kisha alichukua rula.

"Haya, sema," alisema Traub.

"Sehemu mbili za kumi za milimita kutoka nilipoandika. Tazama."

Alitazama. "Mgiriki," alisema mwishowe.

"Nilikuambia Jumanne."

"Jumanne ulikuwa umekigeuza kioo."

"Nilikosea mahali. Nani ni yeye, sikukosea."

Profesa alipopeleka taarifa, aliandika jina la Ottilie kama mpimaji. Jina la shujaa lilichaguliwa na mwingine. Ottilie hakulikumbuka sana. Alichofanya ni kuchora, kuanzia siku ile, herufi ndogo ya kuonyesha mashariki kwenye pembe ya mgongo wa kila kioo, na kuwalazimisha wengine wachore. Kreszenz alinung'unika kwamba sasa ana pembe ya ziada ya kusugua. Ottilie alipostaafu, ukurasa wake kwenye daftari ulikuwa na mstari mmoja mwekundu, na kila mpimaji mpya alionyeshwa ukurasa huo kabla ya kupewa lenzi. Aliyewaonyesha alikuwa yeye mwenyewe.